Chuma Kilichopakwa Samli

Harufu ndiyo iliyokosekana. Niliinama mpaka pua ikagusa kioo, mlinzi akakohoa kunionya, lakini wapi, hapakuwa na harufu ila ya vumbi na rangi ya ukutani. Ndani ya kioo, juu ya kitambaa chekundu, walikuwa wamelaza mnyororo mrefu wenye pingu nne za shingo, na pembeni kikaratasi. Mjukuu wangu alinisomea, maana macho yangu siku hizi yanachagua cha kuona. Kikaratasi kilisema vyuma hivyo ni vya enzi ya biashara ya watumwa, vimeokotwa kando ya njia ya zamani ya misafara. Vyote vilikuwa vimeota kutu, ile kutu nyekundu inayobanduka ukiigusa kwa kucha.

"Mwanangu," nikamwambia mlinzi, "vitu vyenu vinaliwa na kutu."

"Ndivyo vilivyo, bibi. Ni vya kale."

"Hata mimi ni wa kale, mbona naoga?"

Mjukuu wangu akanivuta kanga kwa aibu. Yeye ndiye aliyenileta. Mwaka mzima alikuwa akinisumbua: bibi, kile chuma chako kisikae ndani ya sanduku, kipeleke makumbusho, watu wakione, wewe ukiondoka nani atajua ni kitu gani? Kwa hiyo kapuni mwangu, chini ya kitenge, nilikuwa nimebeba pingu ya tano, na kichupa cha samli. Nilikuja kuamua kama niiache pale au nirudi nayo nyumbani. Na nilipoiona ile kutu, jamani, moyo ulinigeuka kabisa.

Ninyi wa rika langu, mliokua wakati Mjerumani akiwa ndiye Mzungu pekee tuliyemjua, mtanielewa nikisema kwamba utoto wetu ulinuka samli. Tulipakwa samli tukizaliwa, tukaolewa tumepakwa samli na udongo mwekundu, na ngozi za kulalia zilinuka hivyo hivyo. Mimi nililala kwa Bibi, mama wa baba yangu, kwa kuwa mama alikuwa na mdogo wangu mgongoni na mjukuu wa kwanza wa kike kwetu ni wa bibi. Kijiji chetu kilikuwa mwendo wa nusu siku kutoka Buigiri, huku Ugogo, karibu na kisima ambacho zamani misafara ya kwenda pwani ilisimama kunywa maji. Nyumba ilikuwa tembe, yenye paa bapa la udongo, giza na ubaridi wake mzuri ndani hata jua likiwa linachoma. Na katika nguzo ya nyuma kabisa, juu ya mahali alipolaza kichwa chake, Bibi alikuwa ametundika kile chuma.

Kilikuwa pete nene ya vipande viwili, vimeungwa nyuma kwa bawaba, na mbele kina ulimi mdogo unaoingia katika tundu. Hakikuwa na kutu hata chembe. Kiling'aa weusi wa aina yake, weusi wa kitu kilichoshikwa sana. Kila mwaka mawingu ya kwanza yalipoanza kujikusanya na watu wakawa wanatia majembe mipini, Bibi alikitungua, akaketi nacho mlangoni penye mwanga. Kazi yangu ilikuwa kushika kibuyu cha samli.

"Kishike vizuri, usinimwagie," aliniambia kila mwaka, kwa sauti ile ile.

Alichovya kidole akaanza kupaka ndani. Ndani kwanza, polepole, akizungusha kidole mara nyingi kuliko ilivyohitajika, mpaka mimi magoti yananiuma. Halafu kwenye ule ulimi. Nje alipaka mwisho, tena haraka haraka. Hakuimba wala hakusema neno. Bibi huyu aliyekuwa na mdomo wa kumkemea hata jogoo, siku hiyo alinyamaza kimya, na mimi nilikaa nikimtazama kwa hofu tamu, kama mtu aliyeruhusiwa kuingia mahali pasipoingiwa.

Mara moja tu nilimsikia mtu akiuingilia ukimya huo. Baba alisimama mlangoni akasema, "Mama, chuma hicho kingetoa jembe zuri." Bibi akamtazama. Akaendelea kumtazama mpaka baba akakumbuka kwamba kuna ndama hajafungwa.

Sasa sikilizeni ujinga wangu. Wanawake wa kwetu walivaa nyaya za shaba shingoni na mikononi, zimezungushwa mzunguko juu ya mzunguko, na mwanamke mwenye nyingi alitembea kidevu juu kwa sababu hakuwa na namna nyingine ya kutembea. Bibi peke yake alikuwa na shingo tupu. Nilimuuliza kwa nini, akasema joto. Joto! Ugogo nzima ina joto, yeye tu ndiye limemshinda? Kwa hiyo nilijitafutia jibu mwenyewe. Nilijua Bibi alizaliwa mbali, upande jua linakozama, maana baadhi ya maneno aliyatamka kivyake. Nikasema moyoni: huko kwao ni watu wakubwa, na hili ndilo pambo lao la shingo. Na kwa kuwa lilikuwa dogo, lisiloweza kufunga shingo ya mtu mzima, nikapiga hesabu zangu nikaona jambo wazi kabisa. Ni pambo la mtoto. Linapakwa samli kila mwaka lisiharibike, linamsubiri mtoto. Na mtoto katika nyumba ile ni nani, kama si mimi?

Miaka miwili nililala chini yake nikijipima kwa vidole shingoni. Sikumwambia mtu.

Kisha akaja yule Mzungu wa vitu. Hakuja kwa kodi wala kwa kutafuta watu wa reli, ambayo ilikuwa imeshafika Dodoma. Alikuja na masanduku matupu, askari wawili, na mkalimani aliyeitwa Bwana Salum, mtu wa mjini, kanzu safi na kofia ya kufumwa, ambaye babu yake alikuja na misafara kutoka pwani akahamia huku. Bwana Salum akatueleza kwamba Mzungu anataka vitu vya mababu: vigoda, zeze, ngao, vibuyu, mapambo. Atavipeleka kwao, vitawekwa katika nyumba kubwa, watu waje kuvitazama. Wazee walicheka mpaka wakashika mbavu. Nyumba ya vigoda visivyokaliwa na mtu! Lakini alitoa chumvi na kitambaa cheusi, basi vigoda vikaanza kutoka majumbani. Jumbe naye akatangaza kwamba kesho yake asubuhi wasichana wote waje uwanjani na mapambo yao, ngoma ichezwe, Mzungu aandike.

Rafiki yangu Nyemo alikuwa na shanga mpaka kiunoni. Mimi nilikuwa na uzi mmoja wa shanga, na wenyewe ulikuwa wa kuazima. Asubuhi ile Bibi akaenda kisimani. Nikageuza kinu, nikapanda juu yake, nikakitungua chuma. Kilikuwa kizito kuliko nilivyodhani. Ulimi haukuwa umebanwa, nikakifungua, nikajivisha, nikabana mbele, kikasema ta! Na kilinikaa. Mpaka leo nakumbuka furaha ile na mwili unanisisimka: kilinikaa sawasawa, hakikubana wala hakikulegea, kama mtu alinipima shingo kabla sijazaliwa.

Nilikwenda uwanjani kidevu juu. Wanawake walikuwa wameshabana ngoma mapajani, mdundo umekolea, vumbi linaruka. Wa kwanza kuniona alikuwa mama mmoja mzee aliyepiga ngoma kubwa. Mikono yake ikasimama hewani. Wa pili akasimama, wa tatu, mpaka uwanja mzima ukawa kimya nikasikia ng'ombe wakitafuna zizini. Jirani yetu, mzee hodari wa utani, ambaye hakuwahi kunipita bila kuniita mke wake, alitazama chini miguuni pake. Nikasema, haya, leo nimependeza kupita kiasi.

Vijana walikuwa wakitazamana tu, hawajui kitu, kama mimi. Wazee ndio waliojua. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba walijua miaka yote, na kunyamaza kwao ndiyo heshima waliyompa Bibi. Kwetu mtu wa namna ile akishapokewa katika ukoo, alikotoka hakutajwi mbele ya watoto. Mimi nilikuwa nimelitaja jambo hilo mbele ya kijiji kizima, bila kufungua mdomo.

Mzungu alinijia mbio na daftari lake, uso umemwiva kwa furaha. Akasema maneno mengi. Bwana Salum hakutafsiri. Alikuwa ameganda, anatazama shingo yangu.

"Nani kakuvisha hiki, mwanangu?" akaniuliza mwishowe, kwa sauti ndogo.

"Nimevaa mwenyewe. Ni pambo la ukoo wa Bibi yangu."

Hakuna aliyecheka. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa. Mzungu akanyoosha mkono akajaribu kukifungua, kisifunguke. Akavuta huku, akavuta kule, ngozi ikaminywa, nikalia. Askari mmoja akasema aletewe nyundo. Nilipiga ukelele ambao mama yangu alisema aliusikia shambani.

"Usimguse."

Alikuwa Bibi, mtungi wa maji kichwani, amesimama kwenye njia ya kisimani. Na alikuwa amesema kwa Kiswahili. Ninyi hamjui maana yake hiyo. Nilikuwa nimelala naye tangu naachishwa ziwa na sikuwahi kusikia neno la Kiswahili kinywani mwake. Kwetu walikijua wanaume wachache waliokwenda mjini. Aliutua mtungi bila kumwaga tone, akavuka uwanja, akanipigia magoti. Hakunitazama usoni, alitazama chuma.

"Samli," akasema.

Mama yake Nyemo akakimbia, akarudi na kibuyu kizima, na mwaka ule maziwa yalikuwa ya taabu. Bibi akanipaka shingo pande zote, akachuruzisha samli kwenye tundu, akaanza kukizungusha chuma, kidogo kulia, kidogo kushoto. Akageuza kucha ya kidole gumba chini ya ule ulimi, mahali ambapo macho hayaoni, akabonyeza. Kikafunguka. Vidole vyake havikutafuta hata kidogo. Vilikuwa vinapajua.

Nilishusha pumzi nikadhani yamekwisha. Kumbe ndiyo kwanza yanaanza. Mzungu akaagiza kitambaa, gunia la chumvi, kisha gunia la pili, akaviweka mbele ya Bibi. Anakitaka.

"Anasema kitakaa katika nyumba nzuri," Bwana Salum akatafsiri, macho chini. "Ndani ya kioo. Watu watakitazama miaka mia."

"Muulize nani atakipaka samli."

Mzungu akajibu. Bwana Salum akasita. "Anasema hakuna atakayekigusa."

"Basi, hapana."

Jumbe akamsogelea Bibi. "Mama, mpe tu, utatuponza sote," akamnong'oneza. Askari mmoja akasogea hatua moja mbele. Bibi akasimama, amekishika chuma kwa mikono miwili kifuani, mwanamke mfupi, mkavu, samli inamtiririka mpaka kwenye viwiko. Wajukuu wote wa kijiji walikuwa wanatazama, na alijua hakuna tena cha kuficha.

"Mwambie Bwana wako," akasema, tena kwa sauti ya kusikika, "nilipita bomani kwake, nikaona anavyo vipya vingi, vina watu ndani wanabeba mawe. Hiki kizee cha nini?"

Nilimtazama Bwana Salum. Alimwambia Mzungu maneno machache sana, mafupi kuliko yale ya Bibi, na mpaka leo natamani kujua alisema nini. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitegemea. Alimpa Mzungu mgongo. Akavua kofia, akainama mbele ya Bibi mpaka kanzu yake ikafagia vumbi.

"Shikamoo, bibi."

Watu wa kwetu wakati ule hatukuamkiana hivyo, tulikuwa na mbukwenyi yetu, lakini yeye alilijua neno lile.

"Hilo nilifundishwa kwa fimbo kulisema," akasema. "Wakubwa wa msafara walilitaka asubuhi na jioni. Sijawahi kuambiwa mimi."

Bwana Salum hakuinuka.

"Marahaba," Bibi akasema.

Mzungu alitutazama, mmoja mmoja, kama mtu aliyeingia katika mazungumzo katikati. Akafunga daftari. Labda hakuelewa kitu, labda alielewa. Alichukua vigoda vyetu, zeze mbili na ngao ya babu yake Nyemo, akaenda zake kabla jua halijawa kali, na chumvi yake akarudi nayo.

Nyumbani nilisubiri kipigo. Bibi hakunipiga. Aliniketisha mlangoni, akakipaka chuma samli iliyobaki, ndani kwanza, kisha akanipaka mimi pale ngozi ilipochubuka. Halafu akaniambia nisimame. Akaweka kiganja juu ya utosi wangu.

"Nilikuwa hivi," akasema.

Sikuelewa mara moja. Nilitazama chuma, nikajishika shingo, nikamtazama yeye na mikunjo yake. Nilikuwa nimedhani chuma kile kinanisubiri mimi. Kilikuwa kimeshamaliza kazi yake kwa mtoto mwingine, wa kimo changu, mwenye meno ya mbele mapya kama yangu, na mtoto huyo ndiye huyu mzee anayenikemea kila asubuhi. Alinisimulia kidogo tu. Walitembea miezi, yeye na dada yake wamefungwa mnyororo mmoja. Pale kisimani akashikwa na homa, wakamkata kwenye mnyororo na kumwacha na pingu shingoni, maana ulimi ulikuwa umekwama kwa kutu na hawakuwa na muda naye. Dada yake akaendelea mbele na mnyororo. Mwanamke mmoja aliyekuja kuchota maji akamkuta. Alimbeba mpaka nyumbani, akachukua samli ya ng'ombe wake wa mwisho, mwaka wa njaa, akaketi naye mlangoni toka asubuhi mpaka mchana, anapaka na kuzungusha, anapaka na kuzungusha, mpaka kikafunguka. Mtoto wa kiume wa mwanamke yule ndiye babu yangu.

"Walitaka kukifua jembe," Bibi akasema. "Nikakataa. Mkono wa mama yule umo humu ndani."

Yalinipata ya kunipata baada ya siku ile. Kuna watoto waliniita mtoto wa njiani, nikapigana nao, nikang'oka jino. Nilipokua, posa moja nzuri ilirudi ilikotoka. Nililia, Bibi akaniambia wakiirudisha shingo yangu ndani ya pingu ndipo nilie. Nilicheka huku kamasi zinanitoka. Alipofariki alikuwa ameshaniachia chuma na kibuyu, na tangu hapo sijakosa mwaka hata mmoja.

Haya, ndiyo niliyoyawaza mbele ya kioo kile, mjukuu wangu akidhani nimechoka miguu, akanivutia kiti. Nilitoa chuma kapuni. Nilikuwa nimeshakata shauri kurudi nacho, nilitaka tu kumwonyesha yule mlinzi kitu kilichotunzwa kinavyofanana. Alikipokea, akakigeuza, akashangaa kinavyoteleza.

"Kizuri sana, bibi. Tena kidogo. Hiki kilikuwa cha mguu?"

"Hapana."

"Cha mkono?"

"Una mtoto?" nikamuuliza.

"Ninaye, wa kike. Yuko darasa la pili."

"Kampime shingo."

Alitaka kucheka, kisha akaacha. Alikiangalia kile chuma, akakiangalia tena, na vidole vyake vikaanza vyenyewe kuzunguka upande wa ndani. Alikaa hivyo mpaka mjukuu wangu akageuza uso akajifuta macho. Mwishowe akatoa funguo mfukoni, akafungua kioo, akaja kupiga goti sakafuni mbele ya kiti changu, na sare zake zote.

"Nifundishe kukipaka, bibi."

Nikamkabidhi mjukuu wangu kile kichupa. Nikamwambia akishike vizuri, asinimwagie.